Uwanja Usiotaka Ufagio

Walinikalisha na wageni. Naanza na hilo kwa makusudi, mtu asije akadhani nimeshika kalamu kwa sababu ya huzuni. Zainabu alizikwa Malolo baada ya swala ya adhuhuri, na mimi niliyetoka Nachingwea alfajiri na magoti yangu haya mabovu nikaoneshwa jamvi la wageni, pamoja na wanunuzi wa ufuta na watu wa vijiji vya mbali waliokuja kwa kuwa walipata gari. Jamvi la wafiwa lilikuwa pale pale mbele yangu, tena lilikuwa na nafasi. Mwanangu, ambaye sasa mwenyewe ni bibi wa watu, alikuja kunipa mkono akaniambia, "Pole, mzee wangu," akaenda zake. Simlaumu kwa hilo la mzee, maana neno jingine hakufundishwa. Nawalaumu waliomfundisha. Wengi wao wamekwisha kufa, na watu huniambia waliokufa tuwaache wapumzike. Mimi nasema wapumzike, ila wasiombe idhini yangu. Niliondoka kabla chakula hakijapakuliwa.

Mwaka ninaoueleza ni ule ambao Wazungu wa mashamba ya karanga walikuwa wanafunga virago Nachingwea. Nilikuwa kijana, na kwa muda nilikuwa nimefanya kazi ya kufyeka nyasi katika nyumba yao moja ya kilimani. Watu huniuliza habari za matrekta. Matrekta niliyaona kwa mbali, nilichokiona kwa karibu ni nyasi. Zilikuwa zimetandazwa mbele ya baraza, mbuzi haruhusiwi kuzigusa, kuezekea hazifai, na tulizifyeka watu watatu kutwa nzima. Tukimaliza upande mmoja, upande wa pili umekwisha ota. Mama wa nyumba alisimama barazani na kikombe cha chai, akituonesha kwa kidole jani lililotuzidi ujanja. Kiangazi tulizimwagilia maji, na watu wa Naipingo wanachimba mchangani kutafuta ya kunywa. Bwana wa nyumba ile akaondoka mapema kuliko wenzake, na nilipopita pale baada ya mvua palikuwa pori tupu. Kilichobaki ni ua wa minyaa pembeni, ambao hakuna aliyewahi kuupalilia wala kuutilia maji. Ulikuwa umesimama mzima. Nilicheka peke yangu njiani, na huo ndio ujuzi pekee niliotoka nao kwa Wazungu.

Kiangazi hicho nikamwoa Zainabu, huko Malolo. Sikumleta mke kwangu. Siku zile huku kwetu, uwe Mmwera, uwe Myao au Mmakua, mwanamume ndiye aliyehamia kwa wakwe, akajenga pale alipooneshwa, akalima shamba la wakwe kabla ya lake, na watoto wakawa wa ukoo wa mama yao. Mwenye neno la mwisho juu ya mke wako na wanao ni mjomba wao. Hayo yote niliyajua, hakuna aliyenidanganya. Nilichokuwa sikijui ni jinsi Mzee Selemani, mjomba wa Zainabu, alivyoyapenda. Chumba chetu kilikuwa cha miti na udongo, kitanda cha kamba, dirisha la ukubwa wa sahani linalotazama baraza yake, ili ajue tumeamka saa ngapi. Nyuma yetu palikuwa na jiko la mama mkwe, ukuta wake wa mabua, na kila lililosemwa jikoni lilitufikia kitandani. Mama mkwe na mimi tulikatazwa kuonana uso kwa uso, ndiyo desturi. Nikimwona njiani naingia majanini mpaka apite. Akiwa na neno na mimi humwambia mtu mwingine, na kama hakuna mtu alimwambia kuku. "We kuku, mwambie huyo mwanamume kuni zimekwisha." Mimi nachukua shoka.

Chakula tulikula wanaume barazani kwa Mzee Selemani. Ugali wa mtama, mbaazi au kisamvu, na ghala likipungua tulikula ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha, ambayo mpaka leo sipendi kuiona. Mzee alikaa mbele ya bakuli, wapwa zake wakamzunguka, na mimi nafasi yangu ilikuwa mwishoni karibu na nguzo. Mboga inapoelekea kwisha ndipo aliponiambia, "Karibu, mkwe." Halafu huanza hadithi za wakwe waliotangulia katika ukoo ule. Mmoja alikuwa mvivu, mwingine mwizi, mwingine alitumwa Lindi kununua chumvi na mpaka leo yuko njiani. Wote walicheka, na mimi nilicheka kwa sababu mkwe hucheka. Nimekula mahali pengi katika maisha yangu, pamoja na jela ya siku chache ambayo haituhusu hapa, na sijaona mtu anayejua kumwonesha mwenzake kwamba analishwa kama alivyojua mzee yule.

Basi, uwanja. Nyumba zetu tatu, ya mjomba, ya mama mkwe na yetu, zilizunguka uwanja mmoja mkubwa wa udongo mwekundu ulioteremka mpaka njiani. Zainabu ndiye aliyekuwa binti mdogo aliyeolewa, kwa hiyo kila alfajiri aliufagia wote, ameinama na ufagio mfupi wa vijiti, kutoka mlango wa mjomba mpaka njia kuu. Asipofagia, mpita njia wa kwanza husimama kuuliza nani kafariki, maana ni nyumba yenye msiba tu ndiyo huacha kufagia. Kwa kufagiwa miaka na miaka, ardhi ilikuwa imeshuka hadi miguu ya kuta ikabaki nje, na mvua ilipita chini ya nyumba. Masika yakija ufagio huwekwa kando na jembe huchukuliwa, kwa sababu magugu hayangoji. Kiangazi cha pili Zainabu alikuwa na mimba tena. Ile ya kwanza ilitoka mwezi wa nne wa ndoa, akiwa uwanjani, ameinama. Safari hii nilimpeleka zahanati ya Mnero, tukalala njiani kwa watu, na muuguzi akamwuliza kazi zake za kila siku. Alipokwisha sikiliza alisema kuinama kule kukome, na ndoo za maji zipungue. Niliyafikisha maneno hayo barazani kwa adabu zote. Jioni nikasikia kuku akiambiwa kwamba wanawake walikuwa wanafagia na kuzaa kabla Mnero haijawa na zahanati.

Nikachukua ufagio mwenyewe. Kosa hilo lisingefanyika mahali pengine popote duniani. Nilikuwa nimefika katikati ya uwanja nilipogundua kwamba mama mkwe hawezi kutoka, kwa kuwa akifungua mlango ataniona. Nami sikuweza kumwambia nakwenda kando, kwa kuwa hatusemeshani. Nikafanya haraka, lakini uwanja ule haukufanywa kwa haraka. Jua lilipanda, mama wa watu yuko ndani anagonga ukuta, na huko shambani kwake ngedere wanakula mahindi mabichi ya bondeni. Malolo nzima ilicheka mpaka jioni. Mzee Selemani aliniuliza mbele ya bakuli kama kule Nachingwea nilikuwa pia nikivaa kanga. Zainabu hakucheka. Alfajiri iliyofuata aliamka akainama na ufagio wake, na mimi nililala pale kitandani nikisikiliza vijiti vikiparura udongo.

Ndipo nilipoanza kuutazama uwanja ule. Nilimwuliza Zainabu jambo ambalo alisema hakuna aliyewahi kuliuliza: watu hapa wanakanyaga wapi? Tukakaa mlangoni tukatazama. Walikanyaga kutoka mlango hadi jiko, kutoka jiko hadi baraza ya mjomba, na njia ya kwenda majini. Kwingine kote hakukanyagwa na mtu, kulifagiwa kwa ajili ya macho ya wapita njia. Nikachukua kijiti nikamchorea vumbini. Mbele ya milango na jikoni pabaki udongo wa kufagia, padogo, pa kuanikia mtama. Njia zile tatu tuziwekee mawe bapa na changarawe ya mtoni, mvua inyeshe, jua liwake, hazioti kitu. Kwenye mteremko tupande mchaichai mstari kwa mstari ushike udongo. Kuzunguka pande zote minyaa, ambayo unakata kijiti unachomeka unakwenda zako, na mbuzi anaiogopa kwa utomvu wake. Palipobaki pawe na kivuli kizito, majani yaanguke yalale palepale yafunike ardhi, magugu yakose mwanga. Kila kilichotaka kubembelezwa nilikikataa. Zainabu alitazama mchoro akasema, "Kwa hiyo mimi nitakuwa nafanya nini asubuhi?" Nikamwambia atalala. Alicheka akajifunika uso kwa kanga, na kwa kicheko kile peke yake ningebeba mto mzima wa mawe.

Nilikwenda kwa Mzee Selemani kuomba, tena niliomba vizuri, nimekaa chini. Nilimweleza mawe, mchaichai na minyaa. Alitafuna mswaki wake muda mrefu akasema, "Panda nyasi zako, mkwe. Nyasi ni nyasi." Wapwa zake walikuwapo na wakasikia. Kazi ikachukua kiangazi chote kilichobaki, baada ya kumlimia yeye na baada ya kuchanja kuni za kuku. Mama mkwe alilalamikia nyoka. Majirani walisimama njiani kuuliza msiba ni wa nani, na Zainabu akajibu hakuna msiba, mume wangu anapanda. Sikio langu lilipenda neno hilo, mume wangu anapanda. Sikujua kwamba lilikuwa linasikiwa na masikio mengine.

Sasa kivuli. Mti unaoota hapa kwetu bila kuombwa, ukafunika ardhi na kuua kila kitu chini yake, ni mkorosho. Nami nilijua sheria yake. Mtama ni wa aliyelima, na ukivunwa neno limekwisha. Neno la mti halina mwisho. Aliyepanda ndiye mla, na wakija wanawe wanakula, kwa hiyo mkwe hapandi mti katika ardhi ya wakwe, maana kupanda ni kusema hapa ni pangu. Binti wa ukoo anaweza kupanda, kwa kuwa chake ni cha ukoo. Kwa hiyo mimi sikupanda. Nilichimba mashimo tu, na asubuhi ya mvua ya kwanza Mzee Selemani aliniita nikamfungie paa la ghala lake. Zainabu ndiye aliyetia korosho katika mashimo yale, kwa mkono wake, tumbo limeanza kutokeza. Mama yake alikuwa akimtazama kutoka jikoni na akamwambia afukie zaidi, panya wasizifukue. Nilisikia kila neno nikiwa juu ya ghala. Wapo watakaosema ujanja huo ulikuwa wangu na mkono ulikuwa wake tu. Waseme. Mikorosho ile ipo mpaka leo, minene, na siku ya mazishi jamvi la wageni lilitandikwa chini yake.

Masika yale yalikuwa mazuri kuliko masika yoyote niliyoyaona. Mchaichai ukashika mteremko, maji yakapita pembeni ya nyumba badala ya chini yake, njia za mawe zikabaki safi. Alfajiri Zainabu alifagia mbele ya milango akamaliza kabla chai haijachemka, akarudi kukaa kitandani amenyoosha miguu, akinywa chai ya mchaichai wetu wenyewe. Alinenepa usoni. Tuliongea mambo ya kipumbavu, kama mtoto atakuwa na masikio ya nani. Mikorosho ilikuwa imefika gotini, majani yake mekundu mekundu ya kitoto, nami niliitazama bila kuwaza korosho hata moja. Nilikuwa nawaza kivuli. Lakini mwaka ule wanunuzi walikuwa wameanza kufika Ruangwa kutafuta korosho, na mtu mwenye macho ya Mzee Selemani haoni kivuli anapotazama mti.

Nilipata homa, nikalala mchana, na wao walidhani nimekwenda shamba. Jikoni mama mkwe alikuwa akisema na Zainabu kwa sauti ya chini. Alisema mjomba amenuna. Alisema ile mimba ya kwanza ilitoka wakati mjomba amenuna, kwa jambo la mbuzi, kwani Zainabu amesahau? Kwao, na kwetu pia, sitajifanya, waliamini kwamba mjomba akiwa na kinyongo mwanamke hajifungui salama mpaka mjomba ateme maji na kusema moyo wake mweupe. Zainabu akauliza amenunia nini. Mama akasema, "Miti." Halafu nikasikia kinu tu. Ningeweza kukohoa wajue nipo. Sikukohoa kwa sababu nilitaka kusikia mke wangu atasema nini, na hakusema kitu.

Shauri likaitwa mtama ulipoanza kuchanua. Tulikaa uwanjani, Mzee Selemani kwenye kiti, wapwa zake wawili, mimi chini, Zainabu pembeni kwenye mkeka, na mama mkwe nyuma ya mabua ya jiko kwa ajili yangu. Mzee hakupiga kelele. Alisema mkwe alipewa ruhusa ya nyasi, na sasa anaona mikorosho. Kisha akamgeukia Zainabu, sauti yake laini kabisa, nami nayaandika maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu sijayapoteza hata moja.

"Mwanangu, nataka jina tu. Kama kapanda mkwe, mkwe aende kwao, yamekwisha, sina kinyongo na mtu. Kama ni wewe uliyempandia mumeo katika ardhi ya bibi zako, basi, hakuna atakayefukuzwa. Lakini hilo nitakaa nalo moyoni. Nani kapanda?"

Alijua. Naapa alijua, kwa sababu dada yake, mama mkwe, alimwona Zainabu akipanda, na hakuna kilichoonekana na yule mama kisifike barazani. Hakutaka kujua aliyepanda. Alitaka Zainabu anitoe kwa mdomo wake mwenyewe, asije yeye mzee akaambiwa siku moja kwamba ndiye aliyevunja nyumba ya watu. Nilimtazama mke wangu. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya tumbo. Nilingoja mama mkwe aseme kitu huko nyuma ya mabua, aseme hata na kuku.

"Kapanda yeye, mjomba," Zainabu alisema.

Hakunitazama. Wapwa walinigeukia wakisubiri nibishe, na mmoja alikuwa tayari ameshika fimbo. Ningeweza kubisha. Ningeweza kusema mama yake anajua, mwulizeni, na mzee angekaa na kinyongo chake moyoni, na usiku wa uchungu Zainabu angekumbuka kinyongo hicho, na hofu peke yake ingetosha kumuua. Sikuamini mambo ya kinyongo wakati ule kama ninavyojidai siyaamini sasa. Lakini yeye aliyaamini.

"Ndiyo," nikasema. "Nimepanda mimi."

Mzee Selemani aliagiza maji yaletwe pale pale, hakungoja hata ninyanyuke. Akajaza kinywa, akamtemea Zainabu tumboni, akasema moyo wake ni mweupe, mtoto aje salama. Zainabu akafumba macho akaitikia amina, na uso wake ukalegea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hilo ndilo sijamsamehe. Uongo namsamehe, ningesema uongo huo mara kumi kwa ajili ya mtoto. Ila ule uso wa kupumzika, mbele yangu, kabla sijavaa viatu. Niliingia ndani nikachukua shuka na panga langu. Hakuna aliyeniambia niage, na miti hawakuing'oa.

Nilirudi Nachingwea nikapata kibarua cha kubomoa nyumba zile zile za kilimani. Mwezi wa kuvuna mtama nilikwenda Ruangwa na mwenzangu kununua vitu, tukaingia duka moja. Mwenye duka alikuwa mtu wa maneno mengi. Alipokuwa akifungua gunia alisema kanga zimemwishia leo, watu wa Malolo walifika asubuhi wakanunua za mzazi, binti yao amejifungua mtoto wa kike, wote wazima, na mjomba mtu ana furaha hata kanunua halua ya kugawa njiani. Mikono yangu ilishika ubao wa kaunta. Aliniuliza kama watu wale nawajua. Nikamwambia siwajui, anipimie chumvi.